Msafara Uliokwisha Kubarikiwa

Kengele ya punda aliivua Sairagul mwenyewe. Aliivua siku ya Jumatatu, kwa sababu mtoto mchanga wa jirani yake Nuriza, aliyekuwa akiachiwa mchana, alikuwa na usingizi mwepesi, na kila punda alipotikisa shingo, kichanga kilishtuka kikalia mpaka kikashikwa na kwikwi. Akaitundika kwenye kigingi mlangoni mwa yurta, lile hema lao la sufu, akajiambia atairudisha mtoto akizoea. Jambo dogo. Hakuna aliyemwuliza, naye hakumwambia mtu.

Yalikuwa majira yake ya kwanza kuendesha shule ya watoto wadogo huko juu malishoni. Yurta yenyewe kuukuu, sufu imetoboka hapa na pale, hata mvua ikinyesha watoto walikinga matone kwa vikombe na kubishana kikombe cha nani kinaimba vizuri. Ukikiacha kichanga, watoto walikuwa sita: watano wa majirani, na wa sita Tilek, mwanawe wa kumzaa, aliyetimiza miaka mitatu theluji ilipokuwa inayeyuka.

Kwa misimu miwili ya baridi alihudhuria darasa la jioni kule mjini, Tilek amemlalia mapajani, akijifunza namna ya kuilea akili ya mtoto bila kuiburuta. Mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kikohozi, alikuwa na maneno manne tu: "Mikono nyuma, macho mbele." Maana yake, mtoto akicheza mwache aongoze. Usimnyang'anye swali lake. Mtazame, msikilize, andika. Ingia akikuita, au ukiona hatari inamkaribia. Sairagul aliyaandika yote kwenye daftari lenye jalada la kijani. Hilo la hatari aliliandika pia, ila pembeni, kwa herufi ndogo, maana ukurasa ulikuwa umejaa.

Malishoni watu walimcheka. Bibi Zuura, ambaye mjukuu wake Uulkan alikuwa mkubwa wa watoto wote kwa miaka yake sita, alipita kila asubuhi na ndoo zake, akasimama, akatazama.

"Mkamwana, leo umewafundisha nini?"

"Leo wamecheza na matope, Bibi."

"Na wewe?"

"Nimewatazama."

"Hee! Mbwa wangu naye huwatazama. Tena hahitaji daftari."

Maneno ya Bibi Zuura yalikuwa chumvi, yalikolea lakini hayakuua. Aliyemtia hofu hasa ni Satarkul, mkuu wa malisho, kaka mkubwa wa baba mkwe wake. Mkamwana wa huko hamtaji mkwe wake kwa jina, wala hapazi sauti mbele yake. Sairagul alimwita Baba Mkubwa, na tangu aolewe hakuwahi kumkabili uso kwa uso akamwambia neno. Akiwa na haja, aliiambia birika ya chai, na mzee akiwa amekaa karibu na birika husikia.

"Hii yurta ya kucheza," alisema Satarkul mwanzo wa majira, bila kumtazama, "naipa mwezi mmoja. Mtoto mmoja akivunjika kidole, inashushwa na kufungwa."

Sairagul akaiambia birika, "Hatavunjika mtu."

Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Upande wa juu wa yurta, mwendo wa robo saa, kulikuwa na genge la mwamba watu waliloliita Koo. Njia ya kwenda malisho ya pili ilipita ukingoni mwake, nyembamba, mwamba mkono wa kushoto na shimo mkono wa kulia. Mwaka uliotangulia farasi jike alianguka mle, na waliokuwepo walisema sauti ya kuanguka kwake ilidumu kuliko walivyoweza kuvumilia.

*

Wiki hiyo watoto walicheza kuhama. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wameona wazazi wao wakifungasha yurta na kupanda nazo milimani, basi wao nao wakafunga fito na vipande vya sufu, wakampakia punda, wakamwita ngamia. Uulkan ndiye aliyekuwa bibi mkubwa wa msafara, kilemba kichwani, mkono kiunoni, sauti ile ile ya nyanyake. Kubat, mjukuu wa Satarkul, mvulana wa miaka mitano asiye na maneno mengi, alishika kamba ya ngamia na kumswaga kwa nyuma. Pacha wawili na Jibek mdogo walikuwa kondoo au wachungaji, kulingana na haja. Tilek alikuwa mtoto wa kapuni.

Siku ya Jumanne makapu yaliwapa taabu. Walimweka Tilek katika kapu la upande mmoja, matandiko yakazunguka, kapu likashuka mpaka chini ya tumbo la punda, Tilek akakaa nyasini akicheka. Wakarudia. Likashuka tena. Sairagul alisimama hatua kumi mbali, mikono nyuma, vidole vikijifinya. Neno lilikuwa ulimini: wekeni uzito upande wa pili! Akalimeza.

Kubat alikaa chini akalitazama kapu tupu kwa muda mrefu. Kisha akaleta jiwe, halafu la pili, halafu la tatu, akiyatia moja moja na kurudi nyuma kutazama, mpaka makapu yakasimama sawa.

"Tilek ni mawe manne na dogo moja," akasema.

"Na akishuka?" akauliza Uulkan.

"Akishuka, na mawe yashuke. Pamoja. Usipofanya hivyo ngamia analala."

Sairagul aliandika neno kwa neno, machozi yakimlenga. Usiku alimsomea mumewe kwenye simu, maana yeye alikuwa ameshuka bondeni na mifugo ya kuchanjwa. Mume alicheka, akasema, "Basi huyo mtoto atakuja kuniongoza mimi."

*

Alhamisi wanawake wote walikwenda kwenye kambi ya Satarkul, upande wa chini, kuviringisha sufu mpaka iwe kitambaa kizito cha yurta. Kazi hiyo haina mdogo wala mkubwa: maji ya moto, mikono myekundu, nyimbo, utani. Sairagul alibaki na watoto, na kichanga cha Nuriza mgongoni.

Msafara siku hiyo ulipangwa vizuri kuliko siku zote. Watoto walifagia mahali pao pa kuchezea. Walifukia majivu ya moto wao usiowahi kuwaka. Wakatia mifukoni vidonge vya mtindi uliokaushwa. Kisha Uulkan akamjia Sairagul, akasimama mbele yake, macho yamemkazia.

"Bibi," akasema, si Dada kama siku zote, "nyasi za hapa zimekwisha. Tunahamia Jiwe Jeupe. Tupe dua."

Sairagul alifurahi hata akasahau kuogopa. Ameitwa! Mtoto amemwingiza mchezoni kwa hiari yake, kama alivyofundishwa. Akafungua viganja, na wote sita wakafungua vyao, hata Tilek kapuni.

"Njia yenu iwe nyeupe," akasema, "mzigo wenu usilegee, mtakakofika pawe na maji na amani. Amina." Wakapitisha viganja usoni.

Akaandika kwenye daftari: *Wameniomba dua.* Kichanga mgongoni kikaharisha, joto likamshuka kiunoni. Akacheka peke yake, akaingia yurtani kukibadilisha. Kilikuwa kinalia, kikakataa kunyamaza, akakiimbia, akakifuta, akakiimbia tena.

Alipotoka, hakuiona milima.

Ukungu ulikuwa umeshuka kama maziwa yanayomwagika polepole. Mahali pa kuchezea palikuwa pamefagiwa, patupu. Hakukuwa na punda. Hakukuwa na sauti.

"Uulkan!" akaita. "Tilek!"

Hofu haikumjia mara moja. Jana na juzi msafara ulikuwa ukizunguka kilima kidogo na kuishia kambini kwa Satarkul, ambako watoto walipewa mkate na malai. Watakuwa huko, akajiambia. Akateremka mbio, kichanga kifuani, akasikia nyimbo za wanawake kabla hajawaona. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mkeka mrefu wa sufu, mvuke ukiwatoka mikononi.

"Watoto wako hapa?"

Nyimbo zikakatika.

"Watoto?" akasema Nuriza, akinyoosha mikono kumpokea mwanawe. "Si wako kwako?"

Kwa watu wale, msafara ukishapewa dua haurudi nyuma. Mzee amefunga neno, njia imefunguka, kugeuka ni kuikana dua. Yeye amezaliwa katika hilo na amelijua tangu anyonye. Kwa kinywa chake amewafungulia watoto njia ya Jiwe Jeupe. Na Jiwe Jeupe liko ng'ambo ya Koo.

"Nimewabariki," akasema kwa sauti ndogo. "Waliniomba dua, nikawapa."

Bibi Zuura alisimama wima, maji yakimchuruzika viwikoni. Safari hii hakufanya mzaha. "Wamekwenda wapi?"

"Juu."

*

Satarkul alikuwa juu ya farasi kabla neno halijaisha, na wanawe wawili nyuma yake. Sairagul na Bibi Zuura waliwafuata kwa miguu. Kwenye tope la upande wa juu wa yurta waliziona nyayo za punda na visigino vidogo vidogo, safu moja, zimenyooka kuelekea Koo. Hata nyayo za Jibek, ambaye kiatu chake cha kushoto kilikuwa na tundu.

Sairagul alikimbia akisikiliza kengele. Kila baada ya hatua chache alisimama, akashika pumzi, akasikiliza. Ndipo akaikumbuka kengele iko wapi. Imening'inia kwenye kigingi, mlangoni, kimya. Akajipiga paji la uso kwa kiganja, akaendelea kukimbia.

Mbele, ndani ya weupe, sauti ya Satarkul ikapasuka.

"Kubat! We Kubat! Nikikushika nitakuchuna ngozi! Uulkan! Tokeni!"

Mjeledi ukapiga buti. Farasi akakoroma. Halafu, kutoka mbali kwenye njia ya ukingoni, ikasikika sauti ya mtoto iliyoanza kulia ikazibwa, na kokoto zikaporomoka, tak, tak, tak, na ya mwisho hawakuisikia ikifika chini.

Sairagul aliwajua watoto wale. Kubat akikemewa hajibu, hujificha. Mwezi uliopita alikaa nusu siku ndani ya gunia la sufu, babu yake akipita na kupita akimwita kwa matusi. Na mahali pale hapakuwa na pa kujificha. Wakimkimbia babu watakwenda mbele, na mbele njia inabanwa mpaka punda mwenye makapu hapiti vizuri.

Satarkul akavuta pumzi kuita tena.

"Nyamaza!" akasema Sairagul.

Hakuiambia birika. Alimwambia yeye, usoni, mkono umeshika mguu wa farasi wake. Wale wana wawili wakageuza nyuso kwa aibu, kama watu walioona nguo ikianguka.

"Umesema nini?" akauliza Satarkul taratibu.

"Wanakuogopa wewe kuliko shimo, Baba Mkubwa. Ukiita tena, watakimbia. Niache niwapokee kwa mbele. Kuna njia ya kuni, ya wanawake, inatokea Jiwe Jeupe."

"Ukawapokee! Wewe uliyewatuma? Mwanamke, kesho hiyo yurta—"

Bibi Zuura akaikamata hatamu. Farasi akataka kuinua kichwa, kikongwe akakivuta chini. "Satarkul," akasema, maana yeye jina lake angeweza kulitaja, walikua pamoja, "nilikupiga kofi ulipokuwa na miaka saba, usinilazimishe nikupige la pili. Mjukuu wangu yuko kule. Mkamwana amesema nyamaza. Nyamaza."

Sairagul akamgeukia. "Bibi, nahitaji bakuli la mtindi."

"Sasa hivi unaona njaa?"

"Msafara ukipita kambi ya watu hupokewa kwa kinywaji."

Kikongwe alimtazama, midomo ikicheza. Kisha akaelewa. Kiunoni alikuwa na kiriba kidogo cha mtindi wa kutuliza kiu kazini, na kifuani ndani ya nguo, kama wazee wa huko, bakuli lake la mbao. Akamimina kwa haraka hata akamwagia kidole cha Sairagul. Akavua na kilemba chake cheupe, akamfunga nacho kichwani.

"Nenda," akasema. "Usikimbie. Wakikusikia unakimbia watajua si mchezo."

*

Njia ya kuni ilikuwa mwinuko mtupu. Sairagul aliipanda kwa mkono mmoja, bakuli kwenye mkono wa pili, miba ya vichaka vya mreteni ikimvuta sketi. Tilek kapuni. Tilek amefungwa kapuni, kwa fundo ambalo yeye mwenyewe alilisifu asubuhi. Mawazo yalimjia kama nzi, akayakataa, yakarudi.

Akatokea kwenye Jiwe Jeupe. Mbele yake njia ya ukingoni iliingia kwenye ukungu, ikamezwa baada ya hatua tano. Alitamani kukimbilia humo ndani, akumbatie chochote atakachokigusa. Lakini njia ilikuwa ya upana wa punda mmoja. Punda akiona mtu anamjia ghafla hurudi nyuma, na nyuma ya punda wako watoto.

Akasimama. Akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Enyi wa safarini!" akaita, kwa sauti ya mwenye nyumba anayeona wageni. Ilitoka imepasuka. Akajaribu tena. "Enyi wa safarini! Njia yenu iwe nyeupe! Mnatoka wapi?"

Ukungu haukujibu.

"Kambi yetu iko hapa, Jiwe Jeupe. Tumesikia mnahama. Msipite bila kuonja mtindi!"

Tone la maji likaanguka kutoka mwambani. Akahesabu, kama alivyofundishwa, asikimbilie kusema. Mtoto mpe muda. Moja, mbili, tatu. Hajawahi kuhesabu kitu kikubwa kama hicho. Kumi na tisa. Ishirini.

"Nyinyi watu wa nani?"

Sauti ya Uulkan. Nyembamba, imejaa machozi, lakini mkono uko kiunoni. Sairagul aliusikia mkono uko kiunoni.

"Sisi watu wa Jiwe Jeupe," akajibu. "Na wewe ni bibi mkubwa wa msafara?"

"Ndiyo. Kule nyuma kuna majambazi wenye farasi."

"Wamezuiwa. Bibi mmoja mkali amewashikia hatamu. Mko roho ngapi, bibi mkubwa?"

Minong'ono. "Watano, na mtoto mmoja kapuni, na ngamia mmoja."

Sita. Sairagul alifumba macho. Akayafumbua haraka. "Basi karibuni mnywe. Mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Bega kwenye mwamba."

"Haiwezekani," ikasema sauti nyingine, ya Kubat. "Ngamia yuko mbele yetu. Amekwama."

"Amekwamaje?"

"Kapu la Tilek limeingia mwambani. Kapu la mawe liko nje, hewani. Ngamia anatetemeka."

"Mama?" akasema Tilek kutoka ndani ya weupe, hatua kumi, labda kumi na tano. Sauti ya usingizi. "Mama, nataka kushuka."

Kila mshipa wa Sairagul ulitaka kwenda. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Na akilini akaona: yeye anafika, anamkamata mwanawe, anamnyakua kapuni, mawe upande wa shimo yanabaki, matandiko yanazunguka, punda analala. Punda, na watano nyuma yake, na kamba mkononi mwa Kubat. Akaurudisha mguu.

"Mtoto wa kapuni," akasema, akilazimisha tabasamu liingie kwenye sauti, "wageni wadogo hushushwa na watu wao. Tulia." Halafu: "Mwenye ngamia! Huko kwenu, ngamia akikwama, hufanywaje?"

Hakulijua jibu lao. Angeweza kuwaambia la kwake. Lakini haoni kapu, haoni fundo, haoni mguu wa punda umekanyaga nini. Wanaoona ni wao. Mikono nyuma, alisema yule mama wa darasa la jioni. Hakusema kwamba siku nyingine itakuwa kama kuishikilia mikono hiyo motoni.

"Anashushwa mzigo," akasema Uulkan.

"Si upande mmoja," akasema Kubat. "Atalala."

"Basi pamoja."

"Tilek ni mawe manne na dogo moja. Wewe mwinue kidogo, mimi nitoe moja. Mwinue tena, nitoe tena."

"Na kamba?"

"Ishike Jibek. Jibek, usivute. Shika tu kama mkono wa bibi."

Sairagul akasikia kwato zikikwaruza. Kisha kitu kikaanguka.

Kilianguka kwa muda mrefu. Kikagonga, kikanyamaza, kikagonga tena mbali. Mtindi ulimwagika mkononi mwake, baridi. Hakulia, hakuita, aliuma kilemba cha Bibi Zuura mpaka kikatoa ladha ya moshi.

"Moja," ikasema sauti ya Kubat.

Jiwe. Lilikuwa jiwe.

La pili likaanguka. "Mbili." La tatu. Kila moja likamwua, kila moja likamfufua. Baada ya la nne, punda akapumua kwa nguvu, Tilek akalalamika kwamba anafinywa, Uulkan akamwambia anyamaze, watoto wa kapuni hawana maoni. Kisha dogo moja, lisilosikika hata likifika chini.

"Amesimama sawa," akasema Kubat. "Makapu yote matupu. Yamebonyea."

"Mpigie mluzi," akasema Uulkan. "Aende."

Masikio ya punda yakatoka kwenye ukungu kwanza, yamelowa. Akapita mbele ya Sairagul kama mgeni asiye na haraka, akaanza kula nyasi. Baada yake Jibek, kamba mkononi, viganja vyekundu. Pacha wawili, wameshikana. Kubat. Na nyuma ya wote Uulkan, uso mweupe kama karatasi, Tilek mgongoni amemkaba shingo.

Sairagul hakumkimbilia hata mmoja. Mchezo ulikuwa bado umewashika, na nyuma ya Uulkan shimo lilikuwa hatua mbili. Alimpa bakuli bibi mkubwa kwanza, kwa mikono miwili, akainama kidogo. Uulkan akanywa, akafuta mdomo, akampa Kubat. Walipokuwa wote sita kwenye nyasi, wamekaa, mgongo kwa Jiwe Jeupe, ndipo Sairagul naye alipokaa pale pale aliposimama.

"Nyasi za huku hazijaiva," akasema, sauti haimtii. "Mwaka huu zimechelewa. Mnaonaje?"

Uulkan alizipapasa nyasi kwa kiganja kama alivyomwona nyanyake akifanya. "Kweli bado. Tutashuka. Lakini kwa njia ya kuni." Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, bibi mkubwa akamtoka, akabaki mtoto. "Dada, kwa nini hukuja? Msafara lazima utanguliwe na bibi harusi wa ukoo, na bibi harusi ni wewe. Tulikungoja pale chini. Wewe ulitupa dua ukaingia ndani."

Sairagul alimvuta, akawavuta wote, mikono yake haikutosha.

*

Satarkul alikuwa ameshuka kwenye farasi, amekaa juu ya jiwe, mjeledi kati ya magoti. Alipowaona wanateremka aliwahesabu kwa kidole, mara mbili. Kubat alijibanza nyuma ya sketi ya Sairagul. Mzee alimtazama Bibi Zuura, akauweka mjeledi chini.

"Tutazungumza kesho," akasema.

Asubuhi Sairagul aliamka kabla ya moto kuwashwa. Aliiondoa kengele kwenye kigingi, akamfunga punda shingoni, fundo mara tatu, akalivuta kujaribu. Akalifungua daftari la kijani, akalitafuta lile neno la pembeni, la hatari, akaliandika upya katikati ya ukurasa mtupu, kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika: *Hatua kumi ni mbali.*

Kisha akangoja. Saa ya watoto ikafika, ikapita. Tilek alikuwa amekaa mlangoni akiuliza wenzake wako wapi. Akasikia kwato kutoka chini, akamwona Satarkul anapanda, na kwenye tandiko lake kamba nene ya kufungia yurta iliyoshushwa.

Nyuma yake, kwa mbali, Bibi Zuura anakuja na ndoo zake. Mbele ya Bibi Zuura, Uulkan na Kubat, na wale wengine.

"Nimekuja kukaa," kikongwe akapaza sauti kabla hajafika. "Wewe tangulia, mimi nitafuata nyuma. Kutazama nami naweza, nimejifunza kwa mbwa."

Watoto hawakungoja ruhusa. Punda akafunguliwa, makapu yakafungwa, mawe yakahesabiwa. Uulkan alimfunga Sairagul kilemba cheupe, akamwelekeza mahali pake, mbele, akampa kamba. Kengele ikalia.

Satarkul alikuwa bado yuko juu ya farasi, katikati ya njia, kamba yake tandikoni. Sairagul alisimama mbele yake. Hakuinamisha macho, wala hakutafuta birika.

"Babu," akasema Uulkan, mkono kiunoni, "msafara unapita. Mtu anayepokea msafara hushuka."

Farasi akapiga kwato, kengele ikalia tena. Mzee akatoa mguu mmoja kwenye kikuku cha tandiko, halafu wa pili, akashuka, akamvuta farasi wake kando ya njia. Ile kamba hakuitaja.

Sairagul akapita na punda. Alipofika mbele kidogo aligeuka, midomo ikitembea bila sauti, akawahesabu: mmoja, wawili, watatu. Mpaka sita. Akapiga hatua tano, akageuka, akaanza upya.